Injini ya modeli ikizima angani, msiisingizie kompyuta

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme neno juu ya jambo ambalo wengi huliona ni mchezo wa watu wazima, ila kwa sisi tunaoshika spana ni somo zito: injekta za kielektroniki, yaani vifaa vinavyonyunyiza mafuta badala ya kabureta, kwenye injini ndogo zinazosukuma ndege, boti na magari ya modeli yanayoongozwa kwa rimoti.

Vijana wa Dar es Salaam wanaounda ndege za modeli na ndege nyuki za petroli wameanza kuachana na kabureta. Wanaagiza seti nzima mtandaoni, inafika ikiwa na kompyuta inayoamua injekta ifunguke muda gani kwa kufuata jedwali la namba, injekta yenyewe, pampu na fungu la nyaya. Wanaifunga, injini inawaka, makofi yanapigwa. Kisha balaa linaanza: sailensi (mzunguko wa polepole usipoongeza moto) inapanda na kushuka, injini inamisi ukiongeza moto, au inazima ghafla jua la saa nane likiwa kali. Hapo anayelaumiwa ni kompyuta, na usiku kucha watu wanakesha na laptopu wakibadilisha namba. Hoja yetu ni kwamba mara nyingi kompyuta haina kosa lolote. Kosa liko kwenye ukubwa wa injekta na kwenye njia ya mafuta kutoka tangini hadi kwenye injekta hiyo. Mambo hayo mawili yasipokaa sawa, hakuna jedwali la namba litakaloyaponya.

Tuanze na injekta. Chukua injini ya cc 50 ya mipigo miwili, tustroki ya kawaida ya ndege yenye mabawa ya mita mbili na ushee. Nguvu yake ni kama kilowati 3.7, yaani hosipawa 5, ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Injini za aina hii si za kubana matumizi. Piga hesabu ya gramu 500 za petroli kwa kila kilowati kwa saa. Throtli, yaani lango la hewa ya injini, ikiwa wazi yote, hiyo ni gramu 1,850 kwa saa, au 31 kwa dakika. Gawanya kwa mizunguko 7,500, unapata miligramu 4.1 kwa kila mzunguko.

Asiyeamini na apite njia ya hewa. Hewa ya cc 50, joto likiwa nyuzi 30 usawa wa bahari, ina uzito wa miligramu 58. Injini haijazi silinda kikamilifu, tuseme inachukua asilimia 80, yaani miligramu 47. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, lakini kwa nguvu kubwa na kwa kupooza pistoni tunashuka hadi 12.5. Miligramu 47 kwa 12.5 ni 3.7. Namba mbili zinakaribiana, na sehemu kubwa ya tofauti ni petroli inayotorokea kwenye egzosi bila kuungua, ugonjwa ambao tustroki imezaliwa nao.

Kwenye sailensi ya mizunguko 1,500, mahitaji yanashuka hadi kama miligramu 1.3 kwa mzunguko. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu injekta haifunguki papo hapo. Ukiipelekea umeme wa volti 12, hupita karibu milisekunde 1 kabla mafuta hayajaanza kutoka ipasavyo. Injekta inayotoa gramu 50 kwa dakika hutoa miligramu 0.83 kwa kila milisekunde iliyo wazi. Kwa sailensi itahitaji milisekunde 1.6 za kutoa mafuta, jumlisha ile 1 ya kufunguka, jumla 2.6. Kwa moto wote, yaani throtli wazi kabisa, ni 4.9 jumlisha 1, jumla 5.9, na mzunguko mmoja kwa mwendo huo huchukua milisekunde 8. Injekta inafanya kazi asilimia 74 ya muda. Hapo pazuri, ikivuka 85 haipati nafasi ya kufunga vizuri kabla haijaitwa tena.

Sasa weka injekta ya gari ndogo yenye gramu 200 kwa dakika, ile inayopatikana Kariakoo ikiwa imetumika. Kwa sailensi itatakiwa kutoa mafuta kwa milisekunde 0.4 tu. Kosa la milisekunde 0.1, liwe la volti au la sindano kunata kidogo, ni asilimia 25 ya mafuta. Kwa injekta ya gramu 50 kosa hilohilo ni asilimia 6. Hii ndiyo sailensi inayopanda na kushuka ambayo watu wanaitafutia dawa kwenye laptopu. Injekta za pikipiki ndogo, za cc 110 hadi 150, ziko karibu zaidi na tunachohitaji, lakini nazo usizifunge kwa kuamini maandishi ya kwenye boksi.

Wapo wanaoshusha presha ya pampu ili injekta kubwa iwe ndogo. Hesabu inawakataa: mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, yaani ukishusha kutoka bari 3 hadi 2 unapunguza asilimia 18 tu, gramu 200 zinakuwa 163. Wakati huohuo mnyunyizo unakuwa wa matone makubwa. Ujanja wenye maana zaidi, ikiwa kompyuta inauruhusu, ni kupiga injekta mzunguko mmoja na kuruka mmoja wakati wa sailensi, ili kila pigo liwe na muda mara mbili. Kwenye tustroki mafuta hupitia kwanza kwenye krenkesi (kasha la krenkshafti, chini ya pistoni), na krenkesi husawazisha tofauti hiyo bila injini kulalamika sana.

Kupima injekta hakuhitaji maabara. Unahitaji mizani ya kielektroniki inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, chupa ya kioo yenye mfuniko uliotobolewa saizi ya injekta na tundu dogo la kupumulia, presha ileile utakayoitumia kwenye ndege, na kompyuta ya injini ikiwa kwenye hali ya majaribio. Piga injekta mara 5,000 kwa milisekunde 2, pima uzito. Rudia mara 5,000 kwa milisekunde 4, pima tena. Tuseme umepata gramu 4.2 na gramu 12.5. Tofauti ni 8.3 kwa milisekunde 2 zilizoongezeka, igawe kwa mapigo 5,000 na kwa hizo milisekunde 2, unapata miligramu 0.83 kwa milisekunde. Rudi nyuma sasa: gramu 4.2 kwa mapigo 5,000 ni miligramu 0.84, ambayo ni kazi ya milisekunde 1 tu, ilhali uliiamuru ifunguke 2. Iliyobaki ndiyo muda wa kufunguka. Fanya kipimo hicho kwa volti 12.5, kisha 11.5, kisha 10.5. Utaona muda wa kufunguka unarefuka betri inaposhuka, na hizo namba tatu ndizo zinazoingia kwenye jedwali la kurekebisha betri. Asiyezijaza atashangaa kwa nini ndege inaruka vizuri dakika kumi za mwanzo halafu inaanza kukohoa ikishuka kutua: betri imepungua, mafuta yamepungua, na yanayopungua zaidi ni ya sailensi.

Kipimo hicho kifanyike nje, kwenye hewa, na viungio vya umeme viwe mbali na chupa. Petroli iliyonyunyizwa si sawa na petroli iliyo kwenye kopo. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe mkononi, si ndani ya gari.

Sasa njia ya mafuta, na hapa tutakaa, kwa sababu tukiitwa kutazama injini iliyogoma, hapa ndipo jibu linapopatikana mara nyingi. Kabureta ya diaframu inavumilia kiputo cha hewa. Injini inakohoa kidogo na kuendelea. Injekta haivumilii. Kompyuta imeamuru milisekunde 3, injekta imefunguka milisekunde 3, lakini kilichotoka ni hewa. Kompyuta haina macho ya kuona hilo.

Viputo vinatoka wapi? Cha kwanza ni mtikisiko. Injini ya silinda moja inatikisa tangi mpaka petroli inatoa povu kama soda iliyotikiswa, hasa tangi likibaki nusu. Dawa ni tangi kufungwa juu ya sponji laini, kisha tangi dogo la pili la mililita 60 hadi 100 kati ya tangi kubwa na pampu, likiwa limejazwa pomoni bila hewa hata kidogo. Kile kizito cha shaba kilicho kwenye ncha ya bomba la ndani, kinachofuata mafuta ndege inapopinduka, kivalishwe kitambaa cha felti. Felti iliyolowa hupitisha petroli na kuizuia hewa.

Cha pili ni mvutano wa pampu. Petroli huanza kutoa mvuke kwenye joto dogo kabisa, na upande wa pampu unaovuta, presha iko chini ya ile ya hewa ya kawaida. Ukiweka kichujio kizito, bomba jembamba na refu, na pampu juu ya tangi, basi unaichemsha petroli kwa kuivuta. Kwa jua la Dar es Salaam, nyuzi 32 kivulini na zaidi ndani ya bodi ya ndege iliyopakwa rangi nyeusi, huhitaji kosa kubwa. Pampu ikae chini ya usawa wa tangi, bomba la kuvutia liwe fupi na pana, na kichujio cha upande huo kiwe cha matundu makubwa. Kile cha plastiki kinachoonyesha ndani, cha bodaboda, kinafaa hapo. Kichujio kizito cha karatasi, cha mikroni 10, kinakaa baada ya pampu, kabla ya injekta. Tumeona vikiwa vimegeuziwa nafasi, na injini kama hiyo huruka asubuhi ikakataa mchana.

Cha tatu ni joto la pampu yenyewe. Pampu ya gari inasukuma zaidi ya lita moja kwa dakika, wakati injini yetu inahitaji mililita 42 tu. Ziada yote inazunguka na kurudi tangini ikiwa imepashwa moto. Pampu inayokula ampia 5 kwa volti 12 inatumia wati 60; nusu lita ya petroli ikipokea joto lote hilo hupanda nyuzi 4 na nusu kila dakika. Pampu ndogo ya ampia 1.5 ni wati 18, nyuzi 1.4 kwa dakika, na bodi ya tangi inamudu kupoteza sehemu kubwa ya hizo. Bomba la kurudisha lirudi kwenye tangi kubwa, si kwenye lile dogo, ili mafuta ya moto yapoe na viputo vipande juu kabla ya kuvutwa tena.

Halafu mabomba. Mirija ile laini ya manjano inayotumika kwenye kabureta za modeli haikuumbwa kwa bari 3. Itashika siku mbili tatu, kisha itachomoka kwenye kiungio na kumwaga petroli juu ya silinda ya moto. Kuanzia pampu hadi injekta tumia bomba gumu la nailoni la milimita 4 kwa nje, lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta, pamoja na viungio vyake. Oringi za injekta ziwe za viton, mpira unaohimili petroli. Kabla ya kuwasha injini, washa pampu peke yake, ipandishe hadi bari 3, ziba, na uangalie geji kwa dakika 10. Ikishuka, usiguse kitu kingine mpaka umepata panapovuja.

Oili ya tustroki ni lazima iwe ndani ya petroli, kwa sababu injekta haibadilishi namna krenkshafti inavyolainishwa. Mililita 25 kwa lita moja, uwiano wa 40 kwa 1, oili ya daraja la JASO FD. Mchanganyiko huo ukilala ndani ya injekta wiki kadhaa petroli inakauka na oili inabaki kama gundi kwenye sindano. Usiku wa mwisho wa msimu, toa injekta, ipige kwenye chupa kwa petroli tupu, ifunge kwenye mfuko. Kuzungusha injini yenyewe kwa petroli tupu ili kuisafisha ni kuiua.

Wenye injini za methanoli wanatuuliza kama nao wafunge injekta. Jibu letu ni wasihangaike. Methanoli huungua kwa uwiano wa 6.5 hivi kwa 1, kwa hiyo utahitaji mafuta zaidi ya mara mbili, inakula alumini na mpira usio wake, na oili ya mbarika iliyomo ndani yake inaacha ulimbo. Kabureta ya sindano mbili inatosha pale.

Kwenye umeme hatutakaa sana, ila mambo matatu yasipite. Pampu, injekta na kompyuta kwa pamoja hula karibu ampia 2.4, kwa nusu saa ni ampia-saa 1.2, basi betri ya seli tatu ya ampia-saa 2.2 inatoa akiba ya kutosha. Betri hiyo isiwe ile ya risiva (kipokezi cha rimoti) na servo (mota ndogo za usukani): injini ikifa kwa kukosa umeme, rubani abaki na usukani. Pili, plagi ya injini hizi, mara nyingi NGK CM-6 yenye uwazi wa kama milimita 0.5, inatoa kelele ya redio. Kofia ya plagi iwe ya chuma iliyoshika vizuri kwenye silinda, waya wa sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta injini imefika wapi kwenye mzunguko, usokotwe na kufunikwa kwa wavu wa shaba, na kompyuta ya injini ikae angalau sentimita 20 kutoka kwenye risiva. Pigo moja la uongo kwenye sensa ya krenki ni pigo moja la mafuta ambalo hukuliagiza. Tatu, anayerusha Kigamboni au Kunduchi ajue upepo wa bahari unaotesha kutu ya kijani kwenye pini za soketi. Pini iliyoota kutu inaongeza ukinzani, injekta inapata volti pungufu, na kompyuta inapima volti ya betri, haipimi ya injekta, kwa hiyo haiwezi kurekebisha.

Kuhusu sensa, watu wanakopi mfumo wa gari bila kujiuliza. Gari hupima presha ndani ya manifoldi na kukisia hewa iliyoingia. Kwenye tustroki ya silinda moja, presha baada ya throtli inapigapiga kwa kila mzunguko huku vilimi (vali nyembamba za kuingizia hewa) vikifunguka na kufunga. Namba inayosomwa haina maana. Tumia pembe ya throtli na mizunguko, kisha sensa ya presha ielekezwe hewa ya nje tu, ikisaidiwa na ya joto la hewa. Hiyo ya hewa ya nje ndiyo faida kubwa ya injekta. Ndege iliyosetiwa Dar es Salaam ikipelekwa Arusha, kama mita 1,400 juu ya bahari, inakuta hewa nyepesi kwa karibu asilimia 13. Kabureta itamwaga mafuta mpaka uishike bisibisi, injekta inajirekebisha. Kwa upande mwingine, hewa ya Dar kutoka nyuzi 24 asubuhi hadi 33 mchana inatofautiana uzito kwa asilimia 3 tu. Kwa hiyo anayesema injini imezima mchana kwa sababu ya hewa ya joto, mwambie arudi akaangalie pampu.

Sensa ya throtli ifungwe kwenye mhimili wa throtli yenyewe, si kwenye servo, maana fimbo ina mchezo na nyuzi mbili za mchezo kwenye sailensi ni mafuta mengi. Ile ya sumaku isiyogusana inadumu; ya kusugua hulika kwa mtikisiko, tena hulika pale pale injini inapokaa muda mrefu. Sensa ya oksijeni ya kwenye egzosi isibaki ndani ya ndege. Kwenye tustroki hewa inayotoroka bila kuungua huifanya isome kwamba mafuta ni machache, na oili inaichafua. Itumike mezani, kwa kulinganisha tu.

Sasa, baada ya yote hayo, laptopu ifunguliwe. Jedwali lisigawanywe sawasawa. Nyuzi za mwanzo za throtli ndizo zinazobadilisha hewa kwa kasi, kwa hiyo weka nafasi zilizobanana huko chini: asilimia 0, 2, 4, 7, 11, 17, 27, 45, 70, 100. Funga injini kwenye stendi nzito, pangaboi la saizi utakayoruka nalo, hakuna mtu kwenye mstari wa pangaboi, swichi ya kuzima iwe ya mbali. Anza na mafuta mengi kuliko unavyodhani. Shika throtli robo, punguza mafuta kidogo kidogo mpaka mizunguko iache kupanda, kisha ongeza asilimia 4 au 5. Panda ngazi moja moja namna hiyo. Moto wote uwe wa mwisho: punguza mpaka mizunguko ifike kilele, halafu ongeza mpaka ishuke kwa mizunguko 200. Joto la kichwa cha silinda likivuka nyuzi 200, acha hapo, usitafute kilele.

Kuna mtego mmoja hapa ambao hata wazoefu wanaingia. Mezani pangaboi linakwama kwenye mizunguko 7,500. Angani, ndege ikiwa na mwendo, pangaboi linapata wepesi na mizunguko inapanda asilimia 5 hadi 10. Ndege ikishuka kwa kasi inapanda zaidi. Zile nafasi za jedwali za 8,000 na 8,500 hukuzigusa, bado zina namba za kiwandani. Zikiwa chini ya jirani zake, injini inakauka mafuta ikiwa kwenye mzigo wa kasi, na pistoni inakwaruzika bila wewe kusikia chochote. Kabla ya kuruka, zijaze kwa kufuata mwelekeo wa namba ulizopima, tena ongeza asilimia 3.

Kingine ni jedwali la kuwashia injini ya baridi. Seti nyingi huja na namba za nchi zenye theluji. Injini yetu asubuhi ina nyuzi 26, haihitaji kumiminiwa. Asilimia 10 hadi 20 ya nyongeza kwa sekunde chache inatosha. Ukiacha za kiwandani, krenkesi inajaa, plagi inalowa, na unayezungusha pangaboi kwa mkono unachoka huku petroli ikiwa imetuama ndani ikisubiri cheche. Ikishajaa, zima kila kitu, toa plagi, geuza injini, zungusha mpaka ikauke.

Je, kila mtu afunge? Hapana. Pampu, kompyuta, sensa, mabomba na betri ya ziada vinaongeza uzito unaoweza kukaribia nusu kilo. Kwenye injini ya cc 20 au 25 huo ni mzigo usio na faida, na kabureta ya Walbro iliyosetiwa vizuri itamhudumia mtu wa kuruka Jumapili miaka mingi. Injekta inalipa kwenye ndege nyuki inayotakiwa kukaa angani saa nyingi, kubadilisha mwinuko na kuwashwa na mtu asiyejua choki. Ndiyo maana kampuni kama Orbital na Currawong, zote za Australia, zimeelekeza injekta zao kwenye ndege zisizo na rubani za kazi. Na ndege ya namna hiyo isirushwe hapa bila kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Petroli chini ya presha ikianguka kwenye paa la mtu si mchezo.

Tunaziomba karakana za VETA, DIT na vyuo vingine vinavyofundisha injini zilitazame jambo hili kama chombo cha kufundishia. Bodaboda za injekta zinaingia mtaani, na fundi wa kijiweni aliyezoea kubadilisha jeti za kabureta anabaki kubahatisha. Injini moja ya modeli iliyofungwa kwenye stendi, injekta ya pikipiki, mizani, geji ya presha na kompyuta ya injini ya mfumo huria kama Speeduino inayotumia bodi ya Arduino Mega, vinaweza kumwonyesha mwanafunzi kila tulichokieleza hapa kwa wiki moja. Bodi hiyo ni kubwa mno kwa ndege, lakini kwa meza haina tatizo, na programu yake inakubali mfumo wa throtli na mizunguko. Wanafunzi wapewe injekta mbili, ya gramu 50 na ya gramu 200, waziendeshe kwenye sailensi kwa injini ileile na jedwali lililohesabiwa vizuri kwa kila moja. Sailensa ya egzosi iwe nzuri na karakana iwe mbali na madarasa, maana tustroki ya cc 50 kwenye stendi haina adabu.

Wako,
Mafundi wa injini ndogo,
Dar es Salaam